Kijana wa steshenari aliniuliza aanzie wapi

Kirumba, Mwanza, Jumanne usiku.

Leo jioni nilipitia steshenari ninakochapishia kazi zangu, na kijana wa mashine akakawia kunipa karatasi. Kuinua kichwa, namkuta anasoma hadithi yangu. "Samahani dada, nimefika ukurasa wa nne. Huyu mama atavuka kweli mpaka Nansio?" Kabla sijamjibu akatoa daftari chini ya kaunta, limejaa mwandiko wa kalamu ya bluu mpaka kwenye jalada la ndani. "Na mimi naandika. Nina simu na bando la wiki. Nianzie wapi?"

Nilimtajia vitu viwili vitatu harakaharaka, nikaondoka. Sasa ni saa tano usiku na jibu lile linaniuma, maana halikumtosha. Ziwani taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa. Siku hizi hakuna mwezi, basi wako kazini.

Ningeanza kwa kumwonya juu ya jambo lililonilia karibu mwaka mzima. Nilipopata simu ya maana nilisoma kila ukurasa wa Kiingereza unaofundisha kutunga hadithi, na karibu zote zilisema vielezi vifutwe. Nikatii. Usiku mweusi ti ukabaki mweusi. Mlango uliofungwa ndi ukafungwa tu, na mtoto aliyeanguka pu akaanguka kimya. Nilipomsomea mama, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mbona kama taarifa ya habari?" Ushauri ule unaifaa lugha uliyotungiwa. Kwetu sauti ya tukio imo ndani ya vijineno hivyo, na ukiving'oa msikilizaji haoni kitu. Kutoka kwenye kurasa zile nimebaki na mambo ya mpangilio: tukio lianzie wapi, nani alione, likatwe lini. Hayo yananifaa mpaka leo.

Kilichoniponya ni kusoma Kiswahili cha zamani. Kwenye Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, bila kulipa hata senti, kuna mkusanyo wa hadithi za Unguja ambao Edward Steere aliuchapisha London mwaka 1870, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa unaoutazama. Nilisoma upande wetu tu, kwa sauti. Unamsikia msimulizi akipumua, akirudia neno kwa makusudi, akimngoja msikilizaji. Faili ni kubwa kidogo, kwa hiyo nitamshauri alipakue mara moja akiwa na bando, alihifadhi, asome bila mtandao. Kando yake awe na kamusi nzuri. Mimi natumia Kamusi Kuu ya BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ile ya karatasi, na sijutii pesa niliyoitoa.

Nikiwaza kuhusu daftari lake namkumbuka Aniceti Kitereza wa hapo Ukerewe. Alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, na ikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Miaka 35 muswada unangoja mlango! Naona uchungu kila nikiifikiria hesabu hiyo. Ndiyo maana katika yote yaliyomo mtandaoni, ninachokithamini kuliko masomo ya utunzi ni matangazo ya kupokea miswada.

Tuzo ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola inapokea hadithi zilizoandikwa kwa Kiswahili, maneno 2,000 hadi 5,000, ambazo hazijachapishwa popote, na haitozi ada. Niliposoma hivyo mara ya kwanza nilirudia mstari ule mara tatu. Nyumbani tuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Washindi wa kwanza walitangazwa tarehe 13 Aprili 2023, siku aliyozaliwa Mwalimu. Ipo pia tuzo ya Kiswahili iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, kwa wenye miswada mirefu. Yeye aanze na hadithi fupi. Na asome masharti mpaka nukta ya mwisho, kwa kuwa muswada uliozidi maneno hausomwi hata uwe mtamu namna gani. Mashindano yanayodai pesa ya kiingilio kupitia namba ya simu ya mtu binafsi ayakimbie.

Kuhusu kazi za kuandikia watu kwa malipo, nitasema machache. Mwaka juzi niliandika makala kumi na mbili kwa mteja niliyempata mtandaoni, tukipatana kwa mdomo. Alizipokea zote, akazitumia, akanyamaza. Nililia, si uongo, kwa sababu kodi ya chumba ilikuwa ndani ya makala zile. Tangu hapo napatana kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp: idadi ya maneno, bei, siku ya kulipa, na nusu ya pesa kabla sijaanza. Aliyekataa kutanguliza nusu sijawahi kumfuata tena. Kijana ajue pia kwamba hakimiliki ya hadithi yake ni yake tangu anapoiandika. Sheria yetu ya 1999 haimlazimishi kusajili kwanza, na inamlinda maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Sheria hiyo ipo mtandaoni. Aisome mwenyewe, asingoje kusimuliwa.

Nimemtumia ujumbe sasa hivi, ingawa ni usiku. Kumbe naye yuko macho. Amejibu kwamba Jumamosi anavuka kwenda Sengerema kumwona mama yake, hivyo tutaonana Kamanga kabla kivuko hakijaondoka. Nimemwambia aje na daftari, na asifute neno hata moja kabla sijalisikia akilisoma kwa sauti.