Watoto wasioandikwa popote

Jumanne moja ya Septemba, mwaka juzi, nilitoka kazini zamu ya usiku nikapitiliza nyumbani bila kulala. Nilisimama na daftari kwenye kona ya barabara inayopita mbele ya majengo yetu ya kupanga, nikaanza kuhesabu watoto. Kila mtoto kijistari kimoja. Kuanzia saa moja na dakika kumi hadi saa mbili kasorobo nilipata vijistari 63.

Watoto hao 63 walivuka barabara ya njia tano: mbili za kwenda, mbili za kurudi, na moja ya katikati kwa magari yanayokata kona. Hakuna taa wala pundamilia. Wakishavuka wanatembea kwenye majani, kwa kuwa njia ya miguu haianzi mpaka ukaribie shule. Mvua ikinyesha majani yanakuwa tope, na hapo watoto wanashuka lamini kabisa. Wa kwangu wawili walikuwa humo ndani ya 63.

Wengi wenu mnaonisoma mnaishi Marekani katika majengo kama haya yetu, kando ya barabara kubwa, mahali ambapo kodi inalipika. Kwa hiyo mnaijua hali hii bila mimi kuieleza sana. Wilaya yetu ya shule haimpi basi mtoto anayeishi chini ya maili moja na nusu kutoka shuleni. Sisi tuko maili moja na kidogo. Kwenye karatasi huo ni umbali wa kutembea, na mimi niliyekulia Kigoma nisingeulalamikia, maana tulitembea zaidi ya hapo na hofu yetu ilikuwa mto wakati wa masika. Lakini barabara hii inaruhusu maili 45 kwa saa. Nimesoma kwamba mtu wa miguu akigongwa na gari linalokwenda maili 23 kwa saa, hatari ya kufa ni asilimia 10 hivi. Likiwa maili 42, ni nusu kwa nusu. Na mtoto wa miaka saba bado hajaweza kukadiria kwa macho gari linakuja kasi gani. Humkuti na kosa hapo, ndivyo alivyo umri huo.

Habari ya ruzuku niliisikia kwenye mkutano wa wazazi. Mwalimu wa michezo alitaja Safe Routes to School, mkalimani akatafsiri "njia salama za shule", nami nikadhani wanazungumzia ramani ya mabasi. Baada ya mkutano nilimfuata nikamwuliza. Akanieleza kwamba ni fedha za serikali kuu za kujenga njia za miguu, vivuko, taa na njia za baiskeli kuelekea shuleni, na pia za kuwafundisha watoto kuvuka na kuendesha baiskeli. Usiku ule, wakati wa mapumziko kazini, nikaanza kusoma.

Wazo lilitoka Odense, Denmark, miaka ya 1970, wakati nchi ile ilikuwa na ajali nyingi mno za watoto barabarani. Hapa Marekani Bunge lilipitisha mpango wa nchi nzima mwaka 2005. Zilitengwa dola milioni 612 kwa miaka mitano, kila jimbo likapata si chini ya dola milioni moja kwa mwaka, na kila jimbo likatakiwa kuwa na mratibu wa kazi hiyo tu. Serikali kuu ililipa asilimia 100. Mwaka 2012 mpango ule ulifutwa kama mpango wa peke yake, ukaingizwa kwenye mfuko mmoja na miradi mingine ya waenda kwa miguu na baiskeli, na miji ikaanza kudaiwa mchango, kwa kawaida asilimia 20. Sheria ya miundombinu ya 2021 iliongeza fedha katika mfuko huo, ikaingiza na shule za sekondari, ikayapa majimbo njia za kupunguza mzigo wa mchango. Sheria hiyohiyo ilianzisha mfuko mwingine wa usalama barabarani wa dola bilioni 5 kwa miaka mitano, 2022 hadi 2026, ambao miji huomba moja kwa moja kwa serikali kuu.

Kwa hiyo fedha zipo. Kilichonikosesha usingizi ni jinsi zinavyogawiwa. Mji hupewa ruzuku kwa kushindanishwa, na maombi hupewa alama. Alama zinatoka kwenye kumbukumbu: ajali ngapi zimeandikwa, watoto wangapi wanatembea, mhandisi amesema nini. Tena ukishinda hupewi fedha mkononi. Mji unajenga kwa fedha zake kwanza, kisha unarejeshewa hatua kwa hatua. Mji usio na akiba wala mhandisi wa kuandika maombi unakaa pembeni, na huko ndiko watoto wengi wanakotembea kwa sababu nyumbani hakuna gari.

Nilipokwenda kwenye ofisi inayohusika hapa kwetu, niliambiwa kwa upole kwamba barabara ile haina historia ya ajali za watoto. Nilishangaa. Mtoto wa jirani yangu aligongwa na kioo cha pembeni cha gari akaanguka, mkono ukavunjika. Binti wa mzee wa ghorofa ya chini alikanyagwa mguu. Nikarudi kuuliza nyumba kwa nyumba. Mama wa yule wa mkono alisema dereva alisimama, akaomba msamaha, wakampeleka mtoto hospitali wenyewe. Hakuita polisi. Aliogopa kuulizwa kwa nini mtoto alikuwa peke yake. Mzee naye aliogopa bili ya gari la wagonjwa. Katika nyumba 40 nilizogonga nilikuta matukio manne, na hata moja halikuwa na karatasi ya polisi.

Sikuwalaumu, na sasa pia siwalaumu. Lakini usiku ule niliona wazi kwamba watoto wetu hawamo katika daftari lolote, na mtu anayegawa fedha anasoma daftari.

Kuna jambo jingine lililoniuma zaidi. Shule zinazoomba hufanya hesabu ya mikono: mwalimu anauliza darasani umekujaje leo, kwa miguu, kwa baiskeli, kwa basi, kwa gari la nyumbani, na watoto wananyoosha mikono. Inafanyika katikati ya wiki, siku zaidi ya moja, asubuhi na mchana. Nilipopata majibu ya shule yetu, darasa la mwanangu lilionyesha watoto wawili tu wa miguu. Nikamwuliza. Akainamisha kichwa. Alinyoosha mkono kwenye "gari", yeye na wenzake wote wa jengo letu, kwa kuwa kutembea kunaonekana ni umaskini. Nilikaa naye jikoni tukazungumza mpaka chai ikapoa. Nilimwambia babu yake alitembea, mimi nilitembea, na kwamba mkono wake mmoja ukinyooshwa mahali pa kweli unaweza kuleta taa barabarani. Mwalimu naye alikubali kurudia hesabu, safari hii kwa karatasi ambayo mtoto anaijaza mwenyewe bila kutazamwa. Waliotembea wakatoka wawili wakawa tisa.

Maombi ya kwanza yalikataliwa. Mji uliyaandika haraka, bila mchoro, bila barua. Mara ya pili tulikaa nayo miezi mitano. Mratibu wa jimbo alikuja, tukatembea naye kutoka ngazi za majengo hadi mlango wa shule, watu kumi na mmoja, tukipima kwa futi na kupiga picha: hapa mfereji hauna mfuniko, hapa ua wa miti unamficha mtoto, hapa magari yanakunja kona bila kupunguza mwendo. Nadhani matembezi yale ya dakika 40 yalisaidia kuliko kurasa zote. Aliyeshika kalamu upande wa mji alikuwa kijana mgeni kazini. Aliona malori mawili yakipita mgongoni mwa mtoto wa chekechea, na tangu siku hiyo alinipigia simu kila wiki.

Tuliambatanisha vijistari vyangu, vya siku sita sasa. Tuliambatanisha maelezo ya wale wazazi wanne bila majina yao, pamoja na barua ya muuguzi wa shule. Niliomba pia utajwe utafiti wa jiji la New York uliochapishwa mwaka 2013, ulioonyesha kwamba maeneo yaliyojengewa kwa mpango huu yalipunguza majeruhi ya watoto wa miguu kwa asilimia 44 saa za kwenda na kutoka shule. Mchango wa mji ulikuwa mgumu. Lililookoa jahazi ni kanisa lililo kando ya barabara. Lilitoa ukanda wa ardhi yake kwa njia ya miguu, na thamani ya ardhi ile ikahesabiwa ndani ya asilimia 20.

Barua ya kukubaliwa ilifika Aprili. Tutapata njia ya miguu upande mmoja, kivuko chenye kisiwa katikati ili mtoto avuke nusu nusu, na taa za kumulika zinazowashwa kwa kitufe. Njia ya baiskeli iliondolewa kwa sababu ya gharama. Hilo bado linanikera, maana wavulana wakubwa wataendelea kuendesha barabarani, na nitaliomba tena.

Ujenzi hautaanza mpaka usanifu uishe na jimbo litie sahihi, labda mwaka kesho kutwa. Kwa sasa tunawapeleka kwa kundi. Tunakutana chini ya ngazi za jengo la tatu saa moja na dakika 20, watu wazima wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, wote tumevaa vizibao vya njano. Anayegongwa au kuguswa na gari, hata akichubuka tu, tunaandika tarehe, saa na mahali, na mmoja wetu anakwenda na mzazi polisi kutoa taarifa. Siku ya Alhamisi bado nina mtu mzima mmoja tu. Kama unaishi majengo haya na zamu yako inaisha kabla ya saa moja, niachie ujumbe. Kizibao ninacho.