Muhuri wa Tabora, 12 Desemba 2012

Jumatano ile niliwahi Posta ya Tabora, kaunta ikiwa ndiyo kwanza inafunguliwa. Hapakuwa na stempu mpya wala muhuri maalumu. Nilichofuata ni muhuri wa kawaida wa tarehe: siku ya 12, mwezi wa 12, mwaka wa 12, tena mwaka ambao Reli ya Kati ilitimiza miaka 100 tangu ifike Tabora. Kwangu mimi mkusanyaji wa stempu na bahasha, muhuri wa kila siku uliogongwa siku yenye maana una thamani kuliko mihuri mingi ya sherehe.

Bahasha nilikuwa nimeziandaa nyumbani. Nyeupe, zisizong'aa, sentimita 16 kwa 11 hivi, na ndani ya kila moja kadi ya manila iliyokatwa ndogo kidogo kuliko bahasha. Bila kadi hiyo, mikunjo ya karatasi iliyo ndani inaacha mistari mitupu katikati ya herufi. Karatasi inayong'aa nayo hainywi wino, inauacha juu ukipakaa. Stempu nilichagua za rangi hafifu, nikazibandika kona ya juu kulia, upande wa kushoto pakabaki peupe. Duara la muhuri lina kipenyo cha milimita 25 hadi 30, na linapaswa kushika stempu na bahasha kwa pamoja, jina la ofisi na tarehe visomeke. Hapo ndipo inapoonekana kwamba stempu ilitumika kwenye bahasha hiyohiyo, haikuhamishwa kutoka nyingine.

“Shikamoo, mzee,” nilimsalimu karani wa kaunta.

“Marahaba, mwanangu. Barua za rejista zote hizo?”

“Ndiyo, mzee, zinakwenda Kigoma. Naomba tujaribu kwanza kwenye karatasi.”

Alikubali. Namba za tarehe hubadilishwa kwa mkono kila asubuhi, na mwezi ukipachikwa kichwa chini, barua zote zinazofuata zinabeba kosa hilo. (Wapo wanaoyatafuta makosa ya namna hiyo kwa udi na uvumba.) Tarehe ilikuwa sawa, ila pedi ilikuwa imetoka kuongezwa wino, na herufi O na A za TABORA zikaziba. Mzee akagonga karatasi taka mara kadhaa hadi wino ukapungua, kisha akaweka kipande cha mpira chini ya bahasha. Muhuri wa chuma unahitaji kitu kinachobonyea kidogo. Juu ya mbao tupu unashika ukingo mmoja, nusu ya duara inapotea. Kama hakuna mpira, gazeti lililokunjwa linafaa.

Mkono wake ndio ulionifurahisha zaidi. Hakupiga kwa kishindo. Alishusha muhuri wima, akaukandamiza, akatulia kidogo, akauinua wima. Ukizungusha kiganja wakati wa kuinua, herufi zinapata kivuli na tarehe haisomeki tena. Duara zilitoka safi, moja baada ya nyingine, nami nikawa nampokea bahasha bila kuzirundika, maana wino wa mafuta haukauki haraka. Katikati ya kila mbili niliweka karatasi ya gazeti tupu, ile isiyochapwa, kabla hajabandika lebo za rejista.

Ningeweza kuzichukua mkononi na kurudi nazo nyumbani. Lakini bahasha ambayo haikusafiri ni nusu ya kitu, kwa hiyo nikaziacha ziende. Rejista, yaani barua inayoandikishwa posta, ni ghali kuliko barua ya kawaida, lakini inakupa lebo yenye namba na, mara nyingi, muhuri wa kupokelea mgongoni. Ndugu yangu Kigoma alizipokea na kunirudishia ndani ya bahasha kubwa, mgongoni zikiwa na tarehe ya kufika.

Tangu hapo nimezitunza nzima. Sikuloweka stempu hata moja, kwa sababu ikishang'olewa, nusu ya muhuri inabaki kwenye karatasi inayotupwa. Selotepu hugeuka njano na kuacha gundi, na plastiki laini ya PVC hutoa mafuta yanayochubua wino, hivyo natumia mifuko ya plastiki ya poliesta. Maelezo naandika kwa penseli laini nyuma, kona ya chini: ofisi, tarehe ya kutuma, tarehe ya kupokelewa, na gharama ya posta iliyolipwa.