Pikapu inachemsha Kitonga, mafundi wote wanasema gasketi, kumbe rejeta

Jamani naandika hii nikiwa na furaha, maana nimehangaika na hii gari tangu mwaka jana na nilibakiza kidogo tu nipasue injini nzima kwa maneno ya watu. Ni pikapu ya dizeli ya zamani, haina AC, napanda nayo Ilula na mbolea nashuka na nyanya. Dar mpaka Morogoro mshale wa temprecha umetulia katikati, Mikumi sawa, Ruaha Mbuyuni bado sawa, sasa ukianza kuukwea mlima Kitonga, kona ya pili ya tatu hivi, mshale unaanza kupanda taratibu kuelekea H, na mbele yako kuna lori linatambaa huwezi hata kuovateki. Nilikuwa nafungua hita mpaka mwisho, saa saba mchana, na inasaidia kweli maana hita nayo ni karejeta kadogo, inapoza maji ya injini kama rejeta kubwa ya mbele, ila mimi na utingo tunafika juu nguo zimelowa kabisa.

Fundi wa kwanza alishaitoa thamostati zamani, kile kidude kinachofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata moto, akasema nchi ya joto kama yetu haina kazi. Nitarudi kwenye hilo maana limeniuma.

Wa pili hata boneti hakuiangalia vizuri, akasema gasketi ya hedi hiyo bosi (ile inayoziba kati ya injini na hedi, kifuniko chake cha juu), tufungue, hedi ikasawazishwe, gasketi mpya, oili mpya, ukijumlisha na ufundi inakimbilia milioni na kitu. Nikamuuliza umejuaje? Akanijibu ana miaka 20 kwenye hii kazi. Sasa hilo ndio jibu gani? Mimi nataka unionyeshe.

Nikaamua kuangalia mwenyewe. Asubuhi gari imepoa kabisa nikafungua mfuniko wa rejeta (gari ikiwa ya moto usithubutu, utababuka uso), nikawasha, nikasimama naangalia maji. Mapovu hakuna. Naminya hozi ya juu, laini, na ingekuwa gasketi imeungua inapitisha moshi wa silinda kwenye maji hiyo hozi ingekuwa ngumu kabla hata maji hayajapata moto. Dipstiki safi, hamna ile rangi ya chai ya maziwa ya oili iliyoingiwa na maji. Halafu kubwa zaidi, maji hayapungui. Gasketi gani hiyo isiyokunywa maji?

Nikaanza kujiuliza inachemsha WAKATI GANI. Feni ikiwa mbovu au klachi ya feni imechoka, gari inachemsha ukisimama kwenye foleni, ukikimbia inapoa kwa upepo. Yangu ni kinyume, foleni ya Mbezi nakaa saa zima mshale hautikisiki, ikibanwa na mzigo mlimani ndio inachemsha. Yaani joto likiwa dogo rejeta inalimudu, likiwa kubwa inazidiwa. Nikasema hapa kuna njia zimeziba ndani.

Sasa utajuaje bila kuifungua? Hapa ndipo najisifu. Mke wangu ana saluni, ana ile chupa ya kupulizia maji kwenye nywele. Nikaiazima. Nikafungua grili ya mbele, na kwa kuwa haina AC uso wa rejeta wote uko wazi, nikazungusha gari mpaka ikapata moto sawasawa, nikazima, nikapulizia maji kidogo kidogo uso mzima, kona hadi kona, nikakaa kwenye ndoo naangalia. Aisee! Sehemu kubwa ikakauka hapo hapo, unaona kabisa mvuke unaondoka, lakini upande wa kulia ikabaki mistari ya wima imelowa, inameta, kama mtu amechora kwa brashi, dakika zinapita haikauki. Mirija ya hii rejeta inashuka kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo kila mstari uliobaki na maji ni mirija ambayo maji ya moto hayapiti. Nikarudia mara tatu, mistari ile ile pale pale. Nikapiga na picha.

Nikaenda nayo kwa fundi rejeta, sio fundi injini. Rejeta ni ya shaba, akabandua tangi la juu kwa moto, akanionyesha matundu. Ya kushoto unaona mwanga upande wa pili, ya kulia yamejaa uji wa kutu umegandana na kitu cheupe kama chokaa. Nikakijua kile cheupe papo hapo, ndio ukoko ule ule unaokaa kwenye birika letu nyumbani! Maji ya kisima chetu yana chumvi, na miaka yote nimekuwa naongezea hayo hayo kwenye rejeta. Akachokonoa mirija mmoja mmoja kwa kibati kirefu chembamba, akasuuza, akachomelea tangi. Kama elfu 60 au 70 hivi, na soda nikamnunulia.

Na thamostati nikairudisha. Kwa injini yangu ile sahani yake ya chini ndiyo inaziba njia ya mkato injini ikipata moto, ukiitoa sehemu ya maji ya moto inazunguka kurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, yaani yule fundi wa kwanza aliniongezea tatizo. Mpya imegongwa 82, yaani digrii za kufungukia, sikuiamini hivi hivi, nikabana uzi kwenye mlango wake, nikaining'iniza ndani ya sufuria jikoni. Maji hayajachemka bado, ikafunguka, ikauachia uzi, ikadondoka puu! Nzima hiyo. Nikaifunga, nikajaza kulanti nusu kwa nusu na maji ya betri yale yasiyo na tindikali. Ya kisima sitii tena.

Jumanne nimepanda Kitonga na mifuko 20 ya mbolea, lori mbele, jua kali, hita nimefunga. Mshale ulisogea kama unene wa kijiti cha kiberiti, ukarudi. Utingo alikuwa ameshapakata dumu la maji kama tulivyozoea, tulipofika juu akaniuliza alifanyie nini. Nikamwambia tunawie mikono, tunakula Ilula.