Mhindi wa Mwanza, Mhindi wa Leicester

Fomu ya sensa ya Uingereza ina kisanduku cha Mhindi, cha Mpakistani na cha Mbangladeshi. Mzee ninayenunua kwake muhogo hapa Belgrave Road, Leicester, anatia alama kwenye cha kwanza, ingawa India ameenda kutembea tu. Kazaliwa Mwanza. Nikimwamkia shikamoo anaitikia marahaba, kisha anataka kujua sato sasa ni bei gani.

Wasomi wamelishughulikia hili muda mrefu. Mwaka 1985 Parminder Bhachu aliandika kuhusu Masingasinga wa Afrika Mashariki waliohamia Uingereza, akawaita wahamiaji wa mara mbili: walikuja familia nzima, Kiingereza wanakijua, ufundi wanao, na hawakuwa na mawazo ya kurudi Punjab. Ukiwachanganya na waliotoka moja kwa moja kijijini, hutawaelewa.

Ubaguzi waliukuta, tena wa kiserikali. Mwaka 1968 Bunge la Uingereza lilipitisha kwa siku 3 sheria ya kuwazuia Wahindi wa Kenya ambao pasipoti zao zilikuwa za Uingereza hiyohiyo! Mwaka 1972, Amin alipowapa wa Uganda siku 90, halmashauri ya Leicester ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije. Walikuja. Na Jayaben Desai, aliyewahi kuishi Tanzania, ndiye aliyeongoza mgomo wa kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick kule London kuanzia 1976.

Kinachonikera ni kwamba maandishi mengi ninayoyasoma huku yanaanzia Heathrow. Mhindi anashuka kwenye ndege akiwa mdhulumiwa tayari, na maisha ya nyuma yanapewa aya mbili. Kwetu mkoloni alijenga ngazi, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, akaikazia kwa mishahara, shule na hospitali. Aliyekaa ngazi ya kati alibaguliwa, naye akabagua. Yote mawili ni kweli kwa mtu mmoja.

Siku moja yule mzee, anapima muhogo, alisema bila kuulizwa: "Kijana wangu, mpishi wetu alinilea mimi. Jina la baba yake sijapata kulijua." Akanitajia bei.

Kama kuna mwanafunzi wa uzamivu anayetafuta mada, aende Mwanza kwanza. Na akifika asiwahoji wenye maduka peke yao, awatafute pia wajukuu wa wapishi.