Yai, pakacha na mzinga wa kwenda mwezini

Binti yangu anasoma Walenisi, riwaya ya Katama Mkangi, ile ya mwaka 1995. Jana magharibi akainua uso kitabuni akaniuliza: "Mama, huyu Dzombo wamemtia ndani ya chombo wakamrusha. Mbona hakupondeka?" Papo hapo nikakumbuka harufu ya usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi. Nikakumbuka Ngomeni, kwetu pwani ya Kenya, ua wa nyuma kwa Bibi, na mjomba amesimama juu ya tangi la maji, yai mkononi.

Msimu ule kila baada ya isha mjomba alikuwa akitusimulia hadithi ya Jules Verne, ile ya 1865, ya Wamarekani waliochimba mzinga ardhini huko Florida ili wapeleke watu mwezini. Yeye aliisoma kwa Kiingereza, sisi tukaipata kwa Kiswahili chake, na tarakimu hakuruka hata moja. Mzinga urefu wake futi 900, yaani mita 274. Kasi ya kombora likitoka mdomoni, kilomita 11 kwa sekunde. Abiria watatu na mbwa wawili. Binamu zangu walitaka kujua mwezini kuna nini. Mimi nilikwama pale pale mzingani. "Mjomba, hawa si watakufa?" Usiku ule hakunijibu. Kesho yake alasiri akaenda kumwomba Bibi mayai.

La kwanza aliliachia kutoka juu ya tangi, mita 4, likashukia sakafu ya saruji. Hilo halikuhitaji maelezo. La pili liliangukia mchanga mbichi tuliouleta kwa karai kutoka ufukweni. Nalo likapasuka, ila liliacha shimo. Mjomba akachomoa chelewa kwenye ufagio, akaisimamisha shimoni, akatia alama kwa ukucha: sentimita 2. Kisha akaketi kuchambua usumba. Akaujaza kwenye pakacha mpaka kina cha nusu mita, huku akiutifua kwa vidole, kwa sababu usumba ulioshindiliwa ni sawa na ubao. Kazi hiyo ilimchukua muda, na hakutaka tumsaidie. Kila fundo aliliona akalifungua. Yai la tatu likazama mle ndani bila kishindo. Nilitaka kulitoa, akanizuia. Kwanza akatelemsha chelewa kwenye tundu ililopitia, taratibu, mpaka ikagusa ganda. Sentimita 20. Ndipo akaniruhusu kutia mkono. Likatoka zima, lina vumbi la kahawia, na kijinyoya cha kuku bado kimeganda ubavuni.

"Sasa gawanya," akaniambia. "Urefu lilioanguka kwa kina lilichotumia kusimama."

Sentimita 400 kwa 2 ni 200. 400 kwa 20 ni 20. Hizo takriban ndizo mara ambazo yai lilijihisi zito kuliko uzito wake wakati wa kusimamishwa. Mayai yote mawili yalifika na kasi ileile. Tofauti ilikuwa nafasi yaliyopewa ya kuipoteza.

Mzinga ni jambo lilelile kinyumenyume: kasi inapatikana badala ya kupotea. Ili kitu kifikie kilomita 11 kwa sekunde kwa kuanguka tu, kwa mvuto huu tunaoujua hapa chini, kingehitaji kuanguka zaidi ya kilomita 6,100. Verne aliwapa abiria wake mita 274. Ukigawanya unapata zaidi ya mara 22,000 ya uzito. Mtu wa kilo 60 angekuwa na uzito wa tani zaidi ya 1,300, palepale alipolala. Verne aliiona hatari hiyo, akaweka chini ya sakafu ya kombora maji ya kina cha futi 3 na mbao za kuvunjika ili zipokee mshtuko. Lakini futi 3 hazifiki hata mita moja. Juu ya mita 274 zinaongeza nini? Ukitaka abiria wasizidi mara 3 ya uzito wao, mtutu unapaswa kuwa na urefu wa kilomita 2,000 hivi, zaidi ya mara nne ya barabara ya Mombasa hadi Nairobi.

Hapo ndipo ninapoipenda hadithi ya kisayansi. Verne aliandika namba, na mwenye namba anaweza kubishiwa. Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu wa shule wa Urusi mwenye masikio mazito tangu utotoni, alivutiwa na Verne, na mwaka 1903 akachapisha hesabu za roketi: chombo kinachobeba fueli yake na kuongeza kasi kwa dakika kadhaa badala ya kuipata yote kwa mpigo mmoja.

Nasi tulikuwa nayo mbele ya macho. Kutoka ufukwe wa Ngomeni unayaona majukwaa ya San Marco yamesimama baharini. Wataliano walirushia pale roketi za Scout, za vipande vinne vya fueli ngumu vinavyopokezana, kuanzia 1967 hadi Machi 1988. Hapa ni karibu nyuzi 3 kusini ya ikweta: ardhi yenyewe inakimbia kuelekea mashariki karibu mita 465 kwa sekunde, roketi inaipata kasi hiyo bure, na mashariki ni bahari tupu ya kupokea vipande vilivyokwisha. Tarehe 12 Desemba 1970 iliondoka pale setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kujengwa kwa ajili ya kutafuta miale ya eksirei angani. Njia yake juu ya ikweta iliiepusha na eneo la mionzi la Atlantiki ya Kusini linalovuruga vipimo, na ikaorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo. Verne naye mahali hakupachagua ovyo: alitaka pasipozidi nyuzi 28 kutoka ikweta, ambapo mwezi hupita utosini.

Jambo moja mimi na mjomba hatukuafikiana. Yeye alishikilia kwamba Verne alijua abiria hawawezi kupona, akanyamaza kwa sababu bila mzinga hadithi haipo. Katika kitabu cha pili, kinachoendeleza hadithi hiyo, mbwa mmoja anakufa kwa majeraha ya kurushwa. Kwa mjomba huo ulikuwa ushahidi wa kutosha. Mimi namwangalia mtu aliyeketi akapima futi 3 za maji na kupanga mbao za kuvunjika moja baada ya nyingine, na naona alikuwa akitafuta kwa dhati namna ya kuwafikisha wakiwa hai.