Jinsi nilivyoing'oa programu ya kijasusi iliyokuwa ikirudi kila mara

Kompyuta ya nyumbani, yenye Windows 10, ilikuwa nzito na kivinjari kilifungukia ukurasa ambao hakuna aliyeuchagua. Antivairasi iliikuta programu ya kijasusi na kuifuta, lakini nikiwasha upya, imerudi.

Kurudi huko ndiko kulikonipa mwelekeo. Faili likifutwa likazaliwa tena, basi kuna kitu kingine kinacholileta. Nikakata intaneti kwanza, kisha nikafungua Autoruns, programu ya bure ya Microsoft inayoonyesha kila kinachojiwasha pamoja na Windows. Nilipoficha vya Microsoft vyenyewe, orodha ikawa fupi. Kati ya kazi zilizoratibiwa, yaani zile Windows inazoziendesha yenyewe kwa ratiba, moja ilikuwa na jina la kuigiza huduma ya mfumo, ila iliita faili lililo ndani ya AppData, folda ambamo programu huhifadhi data za mtumiaji, lisilo na sahihi ya kidijitali ya mtengenezaji. Programu halali nazo hukaa humo. Kilichonishtua ni jina lile pamoja na kukosa sahihi.

Nikaiwasha kompyuta katika hali salama (safe mode), ambamo Windows huwasha vitu vya lazima tu. Nikafuta kazi ile kwanza, ndipo nikafuta folda yenye faili lile. Ukigeuza mpangilio huo, unaweza kujikuta unaanza upya. Kisha nikaendesha Microsoft Defender Offline, inayokagua kompyuta kabla Windows haijawaka.

Kwenye kivinjari niliondoa kiendelezi (programu ndogo ya nyongeza) kigeni, na kwenye mipangilio ya mtandao nikazima proksi iliyopachikwa, yaani seva ya kati inayopitisha mawasiliano ya intaneti.

Nywila zote za familia, kuanzia ya barua pepe, nilizibadilisha kwa simu, kwa sababu programu za namna hii zinaweza kunasa kila unachochapa.