Burnley: siku mashine za mvuke zilipowashwa

Tulifika Queen Street Mill, kiwanda cha zamani cha kufuma nguo za pamba ambacho sasa ni makumbusho, Harle Syke, pembeni mwa mji wa Burnley, mkoa wa Lancashire, Uingereza, kabla makumbusho hayo hayajafungwa kwa muda mwaka 2016. Bahati nzuri injini ya mvuke ilikuwa inazunguka. Inaitwa Peace, ina nguvu za farasi 500, na inazungusha shafti ndefu zinazopita juu ya ukumbi wa kufumia. Kutoka kwenye shafti hizo mikanda ya ngozi inashuka kuendesha mashine za kufumia. Zimebaki zaidi ya 300, aina ya Lancashire. Ziliwashwa chache tu, na bado hatukusikilizana.

Mfumi, mama mtu mzima, alichomeka bobini (kigurudumu cha uzi) ya mshindio, yaani uzi unaopita kukata upana wa nguo, ndani ya shatle, kile kijumba cha mti chenye ncha za chuma, akapitisha uzi tunduni kwa ndoano. Zamani waliufyonza kwa mdomo, wafumi kadhaa shatle moja. Vumbi la pamba na magonjwa ya wenzao waliyavuta humo humo. Akausukuma mkono wa kuwashia, shatle ikaanza kuruka kushoto na kulia, karibu mara 200 kwa dakika.

Dakika chache baadaye bobini ikaisha na mashine ikasimama yenyewe. Ukingoni mwa nguo kuna uma mdogo. Mshindio ukiwepo, uzi unausukuma na mkia wake unainuka. Uzi ukikosekana, mkia unabaki chini, nyundo inaunasa, mkono wa kuwashia unafyatuka. Mama akatoa shatle tupu, akaweka iliyojaa, akakagua uzi ulipoishia asije akaacha pengo kwenye nguo, akawasha. Mtande, yaani nyuzi za urefu wa nguo, ukikatika, hakuna uma wa kusaidia: nguo inaendelea kuharibika mpaka jicho la mfumi lione. Kwa hiyo kawaida mfumi mmoja alipewa mashine nne tu. Sisi wa viwanda vya nguo vya Dar es Salaam tulitazamana tu.

Kwa kazi hiyo Burnley ilikua kutoka watu elfu chache mwaka 1801 hadi zaidi ya laki moja mwaka 1911, mashine zake nazo zikikaribia laki. Makaa yalichimbwa mjini penyewe, mfereji wa Leeds na Liverpool ulibeba mizigo, na hewa yenye unyevu ilipunguza kukatika kwa nyuzi. Nguo ilitoka ghafi, ikachapwa rangi kwingine, na India ilikuwa mnunuzi mkubwa kuliko wote wa nguo za Lancashire.

James Northrop, mzaliwa wa Keighley, ng'ambo tu ya vilima, alibuni Marekani miaka ya 1890 mashine inayobadilisha bobini bila kusimama. Wenye viwanda wa Burnley hawakuikimbilia. Ya kwao ilikuwa na bei nafuu, haichakai upesi, na wafumi hodari walikuwa tele. Ningekuwa mmoja wao mwaka 1905, ningeamua hivyo hivyo.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia India ikafuma yake na kutoza ushuru, Japani ikauza kwa bei ya chini. Mwaka 1931 wenye viwanda wa Burnley wakajaribu kumpa mfumi mashine nane, zile zile za zamani. Ukazuka mgogoro, na 1932 mgomo ukaenea Lancashire. Sheria ya 1959 ikawalipa wenye viwanda wavunje mashine zao. Queen Street iliendelea na mvuke hadi 1982, kwa kuwa injini na mashine zilikuwa zimekwisha kulipiwa kitambo. Gharama zilizobaki zilikuwa makaa, mishahara na mikanda.